Miezi minne na mwavuli ardhini

Nilirudi Dodoma kutoka Iten, Kenya, nikiwa na saa sita za kuruka kwa paraglaidi, lile bawa la kitambaa unaloning'inia chini yake kwa kamba, na ugonjwa mmoja: nikishtuka, navuta breki zote mbili, zile kamba za mkononi zinazovuta ukingo wa nyuma wa bawa. Kule juu ya Bonde la Kerio mwalimu alinipigia kelele redioni, "Mikono juu!" Ukizivuta mpaka mwisho bawa hupoteza mwendo, huacha kuruka, na wewe unashuka nalo kama gunia. Kichwani nililijua hilo. Mikono ndiyo haikujua.

Nikaamua sipandi kilima chochote mpaka mikono ipone. Upande wa Ihumwa nilipata shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, na kuanzia Julai upepo wa mashariki hauna hiana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimeshavaa kofia ngumu, maana kuburutwa tu kunatosha kumvunja mtu. Nalitazama bawa, nalipandisha, nageuka nikiwa nimefumba macho, nalisikiliza kwa nyonga. Kisha navuta kamba za mbele za upande mmoja likunjike makusudi, naegemea upande ulio wazi, nahesabu "moja, mbili" kwa sauti kabla mkono haujagusa breki. Wiki tatu za kwanza mikono ilinitangulia kila mara. Miiba ya migunga ilinitobolea kitambaa mara mbili.

Mzee mmoja mchunga mbuzi alinicheka sana. "Mjukuu wangu, hilo turubai linakushinda nguvu." Ila ndiye aliyenionya: upepo ukinyamaza ghafla jua likiwa limepanda, chamchela hiyo inakuja. Siku moja tamaa ikanishika mpaka saa nne. Kukawa kimya. Nikavuta breki moja yote, nikakimbia kulilalia bawa, na vumbi likapita hatua thelathini hivi kutoka kwangu, limebeba mabua juu kuliko mbuyu. Toka hapo saa mbili na nusu nakunja.

Januari nikarudi Iten. Karibu saa sita mchana, hewa ikichemka, upande wa kulia ukanyauka. Nyonga zikahamia kushoto zenyewe, nikahesabu, bawa likafunguka kwa kishindo. Redio kimya.

"Mwalimu, mbona hukusema kitu?" nikamuuliza chini.

"Nilikuwa bado nakitafuta kitufe."