Noti ya Yuro Chini ya Taa ya Urujuanimno

Muuzaji anapoiweka noti ya yuro chini ya taa ya urujuanimno, mimi hutazama kwanza kile kisichong'aa: karatasi yenyewe, iliyotengenezwa kwa pamba, hubaki na giza, ilhali karatasi ya kawaida huwaka samawati kwa sababu ya kemikali za kuing'arisha zinazotiwa kiwandani. Katika giza hilo hujitokeza nyuzi fupifupi za rangi, ambazo kwa mwanga wa mchana hazionekani.

Wekundu ndio unaonivutia zaidi. Mwaka 2002, noti hizo zilipoanza kutumika, wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi waliupima mwanga huo, wakahitimisha kwamba unatokana na yuropiamu, elementi iliyopewa jina la bara la Ulaya (aliyeichagua, nashuku, alikuwa mcheshi). Kampaundi yake ya kikemia hufyonza miali isiyoonekana ya urujuanimno, kisha huirudisha nishati hiyo kama mwanga mwekundu katika ukanda mwembamba sana, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 615 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), tofauti na rangi nyingi za kung'aa zinazouzwa madukani, ambazo mwanga wake hutawanyika katika ukanda mpana. Kwa macho, nyekundu hizo mbili zaweza kufanana. Spektromita, kifaa kinachopima urefu wa mawimbi ya mwanga, huzitenganisha mara moja.