Visijirudie, au Yasijirudie?

Karatasi niliyochomoa kwenye kopo ilikuwa na neno moja tu: kupinga. Nikaikunja upya nikitaka kuirudisha. Mwalimu akacheka, akatikisa kichwa. Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2022, darasa la kumi, shule moja hapa Berlin, na mada ilikuwa ile ile iliyokuwa ikizungumzwa hadi kwenye foleni ya mikate: je, Ujerumani iipe Ukraine silaha nzito? Siku chache nyuma, tarehe 28 Aprili, Bunge lao lilikuwa limeshapiga kura. Wabunge 586 walikubali, 100 wakakataa, 7 hawakuelemea popote. Moyoni nilikuwa na wale 586. Kopo likanipeleka kwa wale mia.

Mdahalo wa shule za huku una utaratibu wake. Mnakuwa wanne, wawili kwa wawili. Kila mmoja anafungua kwa dakika mbili na hakuna ruhusa ya kumkatiza. Kisha zinakuja dakika kumi na mbili za kujibizana, mwenye neno na aseme. Mwisho kila mtu ana dakika moja ya kufunga. Dakika mbili hazikunitisha, kwa sababu dakika mbili mtu anakariri. Zile kumi na mbili ndizo zilizoninyima usingizi. Nilikuwa mtoto wa Ngamiani, Tanga, mwenye miaka mitatu tu ndani ya Kijerumani, na nikikasirika maneno yake yote yananikimbia.

Mada haikutoka hewani. Tangu Januari tulikuwa tunasoma Maangamizi ya Wayahudi. Tulishapita sheria za Nuremberg za 1935 zilizowavua Wayahudi uraia, tukapita ule usiku wa Novemba 1938 masinagogi yalipochomwa moto, tukafika kwenye kikao cha Wannsee. Hapo nilikwama siku kadhaa. Tarehe 20 Januari 1942, maofisa 15 wa serikali ya Hitler walikaa kwenye nyumba ya fahari kando ya ziwa, ndani ya jiji hili hili ninamopanda basi kila siku, wakapangana namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya nzima. Mwalimu alitupa nakala ya kumbukumbu za kikao, tukatafuta neno "kuua". Halimo. Wameandika "kuhamisha". Ukisoma bila kujua, utadhani ni watu wa uchukuzi wanapanga ratiba za treni. Na treni zilikuja kweli, ndiyo balaa lenyewe.

Tukiwa hapo hapo, tarehe 24 Februari, Urusi ikaivamia Ukraine. Kesho yake mwalimu hakufungua kitabu. Aliandika ubaoni maneno mawili, Nie wieder, yaani "kamwe tena", akatuambia haya ndiyo Wajerumani waliyojiapia baada ya 1945. Halafu akatusimulia habari ya 1999, wakati wa vita vya Kosovo, Ujerumani ilipopeleka huko ndege zake za kivita. Waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Joschka Fischer, alisimama mbele ya mkutano wa chama chake huko Bielefeld, chama kilichokuwa na wapinga vita wengi, akawaambia kwamba yeye anasimama juu ya misingi: vita visirudi kamwe, na Auschwitz, ile kambi ya kuulia Wayahudi, isirudi kamwe. Siku hiyo alirushiwa mfuko wa rangi nyekundu, ukampasua ngoma ya sikio. Maneno mawili yale yale, waliotaka ndege ziende wakayashika, na waliotaka zibaki wakayashika.

Mimi nina tabia ya kuandika rasimu zangu kwa Kiswahili kwanza, hata za hesabu. Usiku ule nikajaribu kuyaandika yale maneno daftarini, nikashindwa. Kijerumani kinakuruhusu kusema "kamwe tena" ukanyamaza, msikilizaji ajijazie. Kiswahili kinakudai kiambishi. Ni kipi kisijirudie? Ukisema visijirudie, umeshasema vita. Ukisema yasijirudie, umeshasema maangamizi. Nilimuuliza mama, yuko jikoni anakaanga dagaa na madirisha yote wazi kwa ajili ya majirani. Mama kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, hana muda wa sarufi. Akasema, "Si useme vyote visijirudie, ukalale?" Nikamwambia, mama, tatizo ni siku ambayo ukizuia kimoja unaruhusu cha pili. Akageuza dagaa.

Machi tulikwenda Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya wafungwa ya Hitler. Unapanda treni ya S1 hadi mwisho wa reli, Oranienburg, halafu unatembea kwa miguu kama dakika ishirini. Njia yenyewe imepita kwenye makazi ya watu: bustani, bembea za watoto, baiskeli zimeegeshwa. Kambi ilifunguliwa 1936, na hadi 1945 walipitia humo wafungwa wapatao laki mbili. Nilitegemea ningeshtushwa na lango, au na mahali pa kuchomea maiti. Kilichonishika ni njia ya viatu.

Imezunguka uwanja walipokuwa wakihesabiwa wafungwa. Imegawanywa vipande vipande: saruji, kokoto, mchanga, changarawe, tena saruji. Wafungwa walivishwa viatu vya majaribio, wakatembezwa humo hadi kilomita 40 kwa siku, wengine na mizigo mgongoni, ili ijulikane soli ipi itamfaa askari vitani. Siku ile nilikuwa nimevaa raba. Nikaingia kwenye kipande cha kokoto, nikapiga hatua sita saba, nikasikia zinavyolia chini ya mguu. Nikatoka haraka kama mtu aliyekanyaga mkeka wa msikiti na viatu.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa darasani, kwa wema kabisa, akaniambia: "Wewe una nafuu. Hii siyo historia yako." Sikumjibu. Lakini neno lile lilipanda treni nami hadi Berlin.

Nadhani mwalimu alilisikia, maana wiki iliyofuata alinipa kipande cha karatasi chenye jina: Bayume Mohamed Husen. Nikaenda kumtafuta. Jina la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed, amezaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake askari Msudani wa jeshi la Wajerumani. Vita vya kwanza vilipoanza 1914 alikuwa mtoto wa miaka kumi, naye akaingizwa jeshini pamoja na baba. Alijeruhiwa Mahiwa, kule Lindi, 1917, akatekwa na Waingereza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wao wa vita, wake na wa baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki. Alikuwa mhudumu wa mezani, alicheza vijisehemu kwenye filamu, na alifundisha Kiswahili chuo kikuu, wanafunzi wake wakiwa maofisa waliokuwa wakiota kurudi kututawala. Alioa Mjerumani. Mwaka 1941 akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa Sachsenhausen bila kesi. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Nimekanyaga kokoto za kambi aliyofia mwalimu wa Kiswahili na sikujua.

Nilimpigia Bibi simu Tanga. Shikamoo, marahaba, habari za baridi, halafu nikamsimulia yote. Hakuuliza habari za Hitler. Aliuliza, "Nani alimsalia?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nimtajie jina lake polepole, na la baba yake. Mahjub bin Adam. "Bin Adam," akarudia, "haya, nimeliandika."

Kwa hiyo karatasi ya kopo iliponikuta, nilikuwa nimeshapata silaha yangu, au ndivyo nilivyojidanganya. Niliandika ufunguzi wa dakika mbili wote juu ya Husen. Ulikuwa mzuri, nilijiliza mwenyewe nikiusoma. Mwenzangu wa upande wa kupinga, msichana mmoja makini sana mwenye kalamu za rangi nne, akausikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sawa. Hiyo inasaidia upande upi?"

Niliudhika siku nzima, lakini alikuwa amesema kweli. Husen hakuuawa na vita. Aliuawa kwa mihuri na mafaili, kilomita nyingi kutoka kwenye mapigano, huku kundi la watu likiona ni kazi ya ofisini. Mtu angeweza kabisa kusema: ndiyo maana ilibidi watu wenye bunduki waje. Nikampunguza Husen hadi sentensi tatu, nikarudi kwenye tarehe.

Tarehe zilinipa hoja. Mwaka 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama nusu milioni. Walinyang'anywa kazi, walipigwa, walifukuzwa, na zaidi ya nusu yao walifanikiwa kuondoka kabla ya vita. Mauaji ya maelfu kwa maelfu yalianza kwa mpango kuanzia Juni 1941, jeshi la Wajerumani lilipouvamia Umoja wa Kisovieti. Babyn Yar, nje kidogo ya Kyiv, tarehe 29 na 30 Septemba 1941: watu 33,771 wakapigwa risasi ndani ya siku mbili. Hoja yangu ikawa kwamba vita ndivyo vilivyokuwa pazia. Nyuma ya pazia la vita unaweza kufanya lisilofanyika mchana. Anayerefusha vita anarefusha pazia. Nilijifanyia mazoezi mbele ya mama siku nne, naye akinisimamisha kila nilipoanza kukimbiza maneno. "Hawakufukuzi," anasema.

Siku yenyewe dakika mbili zilikwenda salama. Kisha mvulana wa upande wa pili akafungua kikaratasi akatusomea habari ya Boris Romantschenko. Alipelekwa utumwani Ujerumani akiwa kijana. Alitoka hai kwenye kambi nne za Hitler: Buchenwald, Peenemünde, Mittelbau-Dora na Bergen-Belsen. Tarehe 18 Machi 2022, akiwa na miaka 96, bomu la Urusi likaipiga nyumba yake ya ghorofa huko Kharkiv, likamuua. Mvulana akakunja kikaratasi akaniangalia mimi. "Huyu pazia lake lilikuwa lipi?"

Nilisema, "Sina jibu la hilo." Kwa Kijerumani, kwa sauti ya kawaida. Sikujua kama mdahalo unaruhusu sentensi hiyo, ila ilinipumzisha kuliko yote niliyokariri. Mwenzangu wa kalamu nne akadaka nafasi, akaeleza hofu ya nyuklia, kisha yule mvulana akarudi tena: lango la Auschwitz halikufunguliwa na mdahalo, lilifunguliwa na wanajeshi.

Hilo nilikuwa nimelingoja. Nikamjibu ndiyo, tarehe 27 Januari 1945, na ndani walikuta watu kama elfu saba. Milioni moja na laki moja walikuwa wameshauawa hapo. Ukingoja vita vikuokolee watu, vinakuletea elfu saba.

Akasema bila kufikiri hata kidogo, "Na bila wale wanajeshi, hata hao elfu saba wasingekuwepo."

Nikanyamaza. Mwenzangu aliniambia baadaye ilikuwa muda mrefu, yeye alishaanza kuvuta kiti. Kichwani Kijerumani kilikuwa kimeondoka chote kama nilivyoogopa, kimebaki Kiswahili peke yake, na Kiswahili kilikuwa na kitu kimoja tu: vi na ya. Basi nikawaambia hicho. Nikawaambia kwamba kwa lugha yangu maneno yaliyo ubaoni hayatamkiki, maana hakuna namna ya kusema "isijirudie" bila kusema ni nini. Nikasimama nikayaandika ubaoni, visijirudie, yasijirudie, nikawaeleza vi- ni ya nini na ya- ni ya nini. Nikamuuliza yule mvulana: wewe ukisema Nie wieder, unatumia kipi?

Alitazama ubao. Akajaribu kuyatamka yote mawili, vibaya sana, watu wakacheka, naye akacheka. "La pili," akasema. Nikamwambia mimi leo nimepewa la kwanza. Msichana wa upande wake akauliza, na siku nyingine? Muda ukaisha.

Katika dakika yangu ya kufunga nilibaki kupinga, kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa, lakini nilikiri waziwazi kwamba hoja ya lango la Auschwitz sikuivunja. Mwalimu aliandika pembeni ya tathmini yangu kwamba hiyo ndiyo sentensi bora niliyosema. Mwenzangu aliniambia ndiyo iliyotuangusha. Mpaka leo sijui nani alikuwa sahihi, na kama ungeniuliza kura yangu, bado ningeipeleka kwa wale 586, ila si kwa wepesi wa Februari.

Nilipata 2. Huku 1 ndiyo ya juu kabisa na 6 ndiyo ya mwisho, kwa hiyo 2 ni alama nzuri. Bibi alikaa kimya kwenye simu, kisha akaniambia nisikate tamaa.

Novemba ile, tarehe 24, nilichukua kitambaa, ndimu na chumvi, nikapanda U8 hadi Rosenthaler Platz. Brunnenstraße namba 193, alipokuwa akiishi Husen, kuna kijiwe cha shaba kilichopachikwa njiani tangu 2007, mraba wa kama sentimita kumi. Kilikuwa cheusi kwa mvua na vumbi la baiskeli. Nilipiga magoti nikasugua kama Bibi anavyosugua sinia zake siku ya kuamkia Idi. Nikampigia kwa video nimwonyeshe.

Aliangalia muda mrefu. "Mbona wamemweka chini, watu wamkanyage?"

Nikamweleza kwamba ndivyo walivyokusudia, ili anayetaka kusoma jina ainamishe kichwa.

"Haya," akasema Bibi, asiyeridhika. "Na mbwa je?"