Mtu mmoja, akaunti tatu: nilivyopanga wateja wa vifaa vya uvuvi Mwanza

Ukiuza nyavu, kamba na injini za boti pale Kirumba, kanuni ya "mtu mmoja, kampuni moja" haidumu. Mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni) huko Ukerewe ana mitumbwi yake mwenyewe, na SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya wavuvi ikiagiza kwa jumla, saini inayotakiwa ni yake tena. Mhasibu wa kujitegemea aliyeko Nyamagana anafunga hesabu za maduka kadhaa, na ankara za yote zinapitia kwake. Programu nyingi za kusimamia wateja zimejengwa kontakti (rekodi ya mtu) iwe na akaunti (rekodi ya biashara au taasisi) moja, kwa hiyo wauzaji hufungua rekodi mpya kila mtu huyo anaponunua kwa jina la taasisi nyingine. Akibadilisha laini ya simu, rekodi moja inasahihishwa na nyingine zinabaki na namba isiyopatikana. Deni la SACCOS nalo anadaiwa mtu asiyehusika.

Kazi ya kumuunganisha mtu mmoja na akaunti nyingi niliifanya kwenye Salesforce, mojawapo ya programu hizo, na nilianza na uamuzi mmoja unaobeba mengine yote: cheo hakikai kwenye rekodi ya mtu, kinakaa kwenye kiungo kati ya mtu na akaunti. Jina, simu na barua pepe ni vya mtu. Kuwa mwagizaji, mlipaji au mweka saini, na tangu lini, ni mambo ya kiungo. Ukiandika "Mwenyekiti BMU" kwenye sehemu ya cheo ya kontakti, cheo hicho kitamfuata hata kwenye akaunti ya biashara yake binafsi, ambako hakina maana.

Kuwasha ni rahisi. Ingia Setup (sehemu ya mipangilio ya mfumo), tafuta Account Settings, weka alama kwenye kipengele kinachoruhusu kontakti kuhusishwa na akaunti nyingi, kisha hifadhi. Watu wengi wanaishia hapo, halafu wanasema hakuna kilichobadilika. Orodha mbili lazima uziweke mwenyewe kwenye mipangilio ya kurasa: Related Contacts kwenye ukurasa wa akaunti na Related Accounts kwenye ukurasa wa kontakti. Kama kampuni inatumia mipangilio zaidi ya mmoja, kwa mfano wa rejareja na wa jumla, ziweke kwenye yote. Tena jihadhari: ukikizima kipengele hiki baadaye, viungo vyote vya akaunti za ziada vinafutika. Mwenye ruhusa ya kuingia Setup ajue hilo kabla ya kugusa.

Kila kontakti inabaki na akaunti kuu moja, hiyo ndiyo inayoonekana kwenye sehemu ya jina la akaunti. Nyingine ni viungo vya ziada. Kontakti isiyo na akaunti yoyote haiwezi kuongezewa viungo, ipe akaunti kuu kwanza. Akaunti kuu usiichague kwa kuangalia nani ananunua zaidi. Angalia nani anatakiwa kumwona mtu huyo. Pale ambapo ruhusa za kontakti zinafuata akaunti na akaunti zenyewe ni za faragha, muuzaji wa Sengerema asiyeruhusiwa kwenye akaunti kuu hataweza kufungua rekodi ya mtu huyo, hata kama akaunti ya pili ni ya kwake. Kwa wenyeviti na wahasibu wanaohudumiwa na wauzaji wengi, nilifanya akaunti kuu iwe ile inayoonekana na timu nzima.

Orodha ya majukumu kwenye kiungo inakuja na maneno ya biashara ya Marekani. Ndani ya Setup, nenda Object Manager, kwenye Account Contact Relationship, uibadilishe. Niliacha matano tu: mwagizaji, mlipaji, mpokea mzigo, mweka saini, mhasibu wa nje. Orodha fupi inajazwa, ndefu inarukwa. Mtu mmoja anaweza kuwa na majukumu mawili kwenye kiungo kimoja, maana sehemu hiyo inakubali chaguo zaidi ya moja.

Kinachokula muda ni kusafisha rekodi zinazojirudia. Toa nakala ya data yote kwanza, kwa sababu kuunganisha rekodi hakurudishwi nyuma. Weka simu zote kwa mtindo mmoja, +255 na tarakimu tisa. Excel hudondosha sifuri ya mwanzo, hivyo 0754 inageuka 754 na rekodi mbili za mtu yuleyule hazitambuani. Simu peke yake pia usiitegemee. Ofisi ya BMU huwa na simu moja inayopokelewa na katibu, mweka hazina na mwenyekiti, na hao ni watu watatu. Nililinganisha jina na simu pamoja, kisha muuzaji anayewafahamu akathibitisha. Salesforce inaunganisha hadi rekodi tatu kwa mara moja. Ukimaliza, fungua orodha ya akaunti zinazohusiana, na akaunti iliyokosekana iongeze kwa mkono.

Viungo vingi nilivipakia kwa Data Loader, zana ya Salesforce ya kupakia data kwa wingi, kwenye AccountContactRelation (jedwali linalohifadhi viungo), kwa faili la CSV lenye kitambulisho cha kontakti, kitambulisho cha akaunti na majukumu, yakiwa mawili yatenganishwe kwa nuktamkato. Tumia vitambulisho vya herufi 18. Vile vya herufi 15 vinatofautisha herufi kubwa na ndogo, na VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta, haitofautishi, kwa hiyo itakuletea mtu mwingine bila onyo lolote. Kiungo cha akaunti kuu usikipakie, kipo tayari, utapata tu kosa la kujirudia.

Katika kazi za kila siku, kumbukumbu ya mazungumzo ya simu iliyowekwa kwenye kontakti huonekana pia kwenye akaunti kuu. Kama mazungumzo yalihusu SACCOS, muuzaji achague SACCOS kwenye sehemu ya "Related To", la sivyo historia ya SACCOS itabaki tupu. Mwenyekiti akimaliza muda wake, usifute kiungo: ondoa alama ya kuwa hai, jaza tarehe ya mwisho. Mwaka ujao mtu atauliza nani alisaini oda ile.

Kwa wasiotumia Salesforce: HubSpot inaruhusu kampuni nyingi kwa kontakti moja, mojawapo ikiwa kuu, na lebo kwenye kila uhusiano. Odoo ya kawaida ina kampuni mama moja kwa kila kontakti. Jumuiya ya OCA (Odoo Community Association) ina moduli iitwayo partner_contact_in_several_companies, hakikisha ipo kwa toleo lako. SuiteCRM inaruhusu uhusiano wa wengi kwa wengi kwenye hifadhidata, ila fomu yake inaonyesha akaunti moja.

Ripoti ya kawaida ya kontakti na akaunti huonyesha akaunti kuu tu. Tengeneza aina mpya ya ripoti inayoanzia akaunti, kisha viungo. Ukiichukua ripoti hiyo kutuma SMS, ondoa kwanza marudio kwa kitambulisho cha kontakti, kwa sababu mwenye viungo vitatu anatokea mara tatu. Ankara ziende kwa wenye jukumu la mlipaji na kiungo kilicho hai, hao tu.