Walionitangulia ndio walionirudishia moyo wa kazi

"Uuguzi ni wito, vumilia." Hilo ndilo jibu nililopewa na karibu kila niliyemweleza kwamba nimechoka, na kusema kweli silitaki tena. Wengine walinishauri nibandike maneno ya hamasa kwenye kabati langu. Nikabandika. Zamu ya usiku, wodi imejaa, wauguzi tuko wawili, nani atapata nafasi ya kusoma kabati?

Nikaamua kuwafuatilia waliofanya kazi hii kabla yangu. Nilianza na Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Chuoni tulisimuliwa sana taa aliyozunguka nayo usiku kuwaangalia wagonjwa, hesabu zake zikapitiwa juu juu. Kumbe baada ya vita vya Crimea, ambako aliwauguza askari wa Uingereza waliopigana na Urusi, alizichambua takwimu za vifo, akazichora, na mwaka 1858 akaonyesha kwamba magonjwa yanayoweza kuzuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. Hapo nilipata kitu cha kufanya. Kila mgonjwa asiyeweza kujigeuza nilimwekea karatasi kitandani: saa, ubavu wa kushoto, mgongo, ubavu wa kulia, na hali ya ngozi kwenye nyonga na visigino. Zikipita saa mbili hajageuzwa kwa sababu mikono haikutosha, kisanduku kilibaki wazi. Karatasi zilipokuwa nyingi nikampelekea mkuu wa wodi. Malalamiko yetu alikwisha kuyazoea, lakini visanduku vitupu hakuweza kuvibishia. Tukaongezewa mtu wa tatu usiku, na vidonda vya kulalia vikapungua. Najivunia hilo mpaka leo.

Mary Seacole wa Jamaika alikataliwa alipoomba kwenda kuuguza Crimea, akaenda kwa fedha zake mwenyewe. Cecilia Makiwane alisajiliwa kuwa muuguzi Afrika Kusini mwaka 1908, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Kila nikihuisha leseni yangu namkumbuka, na ada hainiumi sana.

Wa karibu zaidi alikuwa sista mmoja wa wodi yetu, amekaribia kustaafu. Mtu wa aina hiyo usimwombe ushauri, atakuambia uwe na subira tu. Mwambie, "Sista, nionyeshe unavyofanya." Mimi nilimwambia hivyo usiku mmoja tukiwa na bibi aliyepungukiwa maji mwilini, mishipa imejificha yote, kila aliyejaribu kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia maji na dawa mshipani, ameshindwa. Sista hakuanza na sindano. Aliketi, akauteremsha mkono wa bibi chini ya ukingo wa kitanda, akauzungushia kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akaanza kuuliza habari za wajukuu. Wakazungumza wee! Kisha akafunga kamba ya mkono, si kwa kuikaza sana, akafumba macho na kupapasa kwa ncha ya kidole.

"Usiutafute kwa macho, mwanangu. Bonyeza taratibu. Ukinepa na kurudi, ndio huo."

Akapangusa kwa spiriti, akaivuta ngozi kwa kidole gumba ili mshipa usikimbie, akaingia sindano ikiwa karibu imelala. Damu ikajitokeza papo hapo. Bibi hakukatiza hata hadithi yake.

Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alinitajia matroni wake wa zamani, na matroni naye alifundishwa na mwingine. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Ule uchovu wa kujiona niko peke yangu na wodi nzima ulinitoka, maana kidole changu kilikuwa kinafanya kazi ya watu wengi.

Siku hizi wanafunzi wakija kwangu wamekata tamaa siwahubirii wito, nawaita kitandani wapapase mshipa. Nawaambia pia wawawahi masista waliobakiza mwaka mmoja au miwili kazini. Wakati mzuri ni kuanzia saa tisa usiku, dawa zimeshatolewa na vipimo vya alfajiri havijaanza. Hapo wanasimulia bila haraka, na wengi hawajawahi kuulizwa.