Kidole cha Nyanya

Jana usiku Mamdogo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Jeddah. Simu yake mpya imekikataa kidole chake. Akibonyeza, inatetema na kumwambia ajaribu tena. "Sabuni za huku zimenifuta," akasema, akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi, halafu akauliza kama bati la choo limeshapigwa. Sasa ni saa nane mchana na bado sijamjibu.

Kicheko chake kimenirudisha kwenye foleni ya benki. Ilikuwa 2019, mwaka Kenya ilipoondoa noti za zamani za elfu moja, watu wakikimbizana na tarehe 30 Septemba wasije wakabaki na makaratasi. Nyanya hakuwa na noti ya kubadilisha. Yeye alikuwa anafuata pesa za wazee, zile 2,000 kwa mwezi za aliyefikisha miaka 70 na hana pensheni, ambazo wakati huo zilikuja za miezi miwili pamoja, zikija. Miaka yake 70 ilikuwa ya kukisiwa. Karani wa vitambulisho alimtazama uso zamani hizo, akaandika 1945, na Nyanya akakubali kuzaliwa mwaka huo.

Tulitoka Majengo alfajiri, tukapita Muthurwa kwa miguu kwa sababu alikataa kulipia nauli kwa pesa ambazo hajazishika. Kufika, foleni ilikuwa imekwishakunja kona. Fimbo, leso, kofia za kufuma, na viti vinne vya plastiki ambavyo askari alivigawa kana kwamba ni vya baba yake.

Zamu yetu ilifika saa sita kasoro. Dirishani kulikuwa na msichana wa rika langu na kimashine chenye kioo kidogo chekundu.

"Shosho, weka kidole gumba hapo."

Akaweka. Mashine ikalia vibaya.

"Futa kwanza."

Akakifuta kwa leso, akaweka. Ikalia tena. Mzee nyuma yetu akasema atie mate. Mama mmoja akasema mate hayafai, apake mafuta kidogo, na Nyanya, ambaye kwa kawaida hashauriwi na mtu, akapitisha kidole chini ya ushungi, akakipaka mafuta ya nywele zake mwenyewe. Ikalia. Wakajaribu cha kulia na cha kushoto, kisha vya shahada, kisha vyote kumi, kimoja kimoja, kama anayehesabu watoto baada ya safari. Kila kimoja kikikataliwa alikikunja kiganjani, mpaka mwisho akabaki amekunja ngumi mbili juu ya meza ya benki.

Yule msichana akaikunjua moja. Akakishika kidole gumba, akakigeuza kwenye mwanga. Nami nikachungulia. Nilikuwa nimelelewa na mkono ule tangu nina miaka minne na sikuwa nimewahi kuutazama. Kidole kilikuwa laini, kinang'aa, hakina mstari hata mmoja. Kama tumbo la kijiko.

"Shosho, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nyanya akadhani ni swali la fomu ya serikali, akajibu kikamilifu. Kufua. Akaanza na nyumba ya Ngara, kabla mama yangu hajazaliwa, akaja Parklands, watoto watano na mashuka meupe ya kila siku, kisha mwalimu wa Eastleigh aliyekufa na deni lake la miezi mitatu. Anataja na mtaa. Nyuma watu wanaguna, msichana ameacha kuandika, nami natamani sakafu inifunike. Nalisema hili kwa sababu ndilo lililonipita moyoni: sikuona huruma kwanza, niliona aibu.

"Basi," akamaliza, "kama ni alama, zimebaki kwenye mashuka yao. Kawaulizeni."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

"Una mtu wa kukuchukulia?" msichana akauliza. "Tunamwandika mlezi."

Wajomba zangu wawili wanaishi Nairobi hii hii, mmoja ana duka. Hata hawakutajwa. Nyanya akanitazama, na hivyo ndivyo aliyenilea alivyoandikiwa mlezi, na mlezi nikawa mimi. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa nikaweka kidole changu, cha mtu aliyesoma kozi ya kompyuta na kuoshewa vyombo nyumbani. Mashine ikakubali mara moja.

Zile 4,000 hazikulala nyumbani. Mamdogo alikuwa anafuatilia pasipoti, na pasipoti ilikuwa 4,550. Chama chake cha akiba kikaziba pengo. Anasema pale Nyayo House, kwenye ofisi za pasipoti, vidole vyake vyote kumi vilisomeka bila taabu. Alijisifia jambo hilo wiki nzima. Akaondoka Januari kwenda kufanya kazi za nyumba za watu, na mwezi wa tatu dunia ikafungwa.

Yaliyofuata nitayasema upesi. Pesa za wazee huchelewa, kila mtu anajua, hata redioni husemwa. Mara moja, nasema mara moja, zilitoka, na mimi nikamwambia Nyanya bado. Nilinunua viatu vya 1,800 vya kuendea mahojiano ya kazi ambayo sikuipata. Baada ya siku nne nikampa zilizobaki, nikasema safari hii serikali imekata.

"Serikali nayo ina shida zake," akasema. Akazifunga kwenye pindo la leso bila kuzihesabu. Alikuwa mtu wa kuhesabu.

Jioni hiyo nilikuwa kwenye karai nafua sare za watoto wa jirani, kibarua cha siku moja. Akaja akaketi kwenye kigoda, akanishika mkono wenye povu, akakigeuza kidole gumba kwenye mwanga kama yule msichana wa benki. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Usifue sana," akasema. "Hiki tunakihitaji."

Nimeyageuza maneno hayo miaka yote hii na sijui alikuwa ananionea huruma au ananiambia ameviona viatu. Sikumuuliza. Tulimzika Kariokor, na waliomwosha ndio wa mwisho kuishika mikono ile. Mimi nilikuwa nje nashughulikia mambo ya gari.

Mamdogo ametuma ujumbe mwingine sasa hivi. Simu imekubali kidole kidogo cha kushoto, anasema, tumshukuru Mungu. Na bati?

Pesa za bati alinitumia tangu Ijumaa, kwa M-Pesa, kwenye simu yangu inayofunguka nikiigusa tu. Nimemwandikia kwamba fundi amesema Jumatatu. Fundi sijaongea naye.