Kiuno cha koseti hakishikwi na mbavu

Wakulima wakishalipwa fedha za korosho, sherehe zote zilizokuwa zikisubiri huangukia wiki zile zile, na sisi mafundi cherehani wa Mtwara mjini hatulali. Gauni linaloombwa zaidi kwangu siku hizi ni la kitenge lenye koseti, yaani sehemu ya juu inayobana kifua na kiuno, ya kufungwa kwa kamba mgongoni. Ni nguo inayopendeza, lakini ina mahali pamoja panapomuaibisha fundi, napo ni kiunoni.

Mimi mwenyewe niliaibika. Koseti ya binti mmoja wa Mikindani niliitia bitana, nikaibandika gamu (kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi), nikaweka mbavu 12, vile vijiti vyembamba vya plastiki, nikaamini kwamba sasa imekuwa ngumu kama ngao. Siku ya kujaribisha, mama yake mdogo alipoikaza kamba, binti alinitazama kupitia kioo akasema, "Dada fundi, huku ubavuni panalia." Kweli mshono wa pembeni ulikuwa umeanza kuonyesha nyuzi, na koseti niliyoishona kwa sentimita 66 kiunoni ilikuwa imevutika hadi karibu 69. Niliulaumu uzi, kumbe uzi haukuwa na kosa.

Mbavu husimama wima, na kazi yake ni kukizuia kitambaa kisijikunje wala kuporomoka. Kamba inapokazwa, nguvu yake hupita kwa mlalo kuuzunguka mwili, kisha hukusanyika pale palipo pembamba kuliko pote. Isitoshe, wengi wetu huuweka mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) wima ili maua ya kitenge yasimame vizuri, kwa hiyo kinachozunguka kiuno ni mshindio (nyuzi za upana), ambao huvutika kuliko mtande. Na pembeni, pale kipande kinapobonyea, mkato hugeuka kuwa wa mshazari, ambao huvutika kuliko yote miwili. Gamu hukipa kitambaa sura tu, haibebi mvuto, na kwa joto letu la pwani na jasho la mchezaji ngoma, mara nyingi huanza kubanduka na kufanya mapovu.

Kinachobeba mvuto ni utepe usiovutika, wenye upana wa sentimita 2 hadi 2.5, unaolazwa juu ya mstari wa kiuno kati ya kitambaa cha nje na bitana. Usitumie utepe wa kupindia shingo, kwa sababu ule umekatwa mshazari makusudi ili uvutike. Nikikosa utepe mzito wa pamba sokoni, huchukua kitambaa cha kaki na kukata ukanda kwenye ule ukingo wake usiofumuka, ambao hufuata mtande moja kwa moja. Ushike kwa mikono miwili uuvute kwa nguvu. Ukirefuka hata kidogo, urudishe kabatini.

Kipimo chake hakifuati kitambaa, hufuata hesabu. Yule binti alikuwa na kiuno cha sentimita 76. Tukitaka kukibana kwa sentimita 4, na kuacha mwanya wa 6 mgongoni kwa ajili ya kamba, koseti yenyewe inabaki 66, yaani 33 kila upande. Utepe wa kila upande hukatwa 36, ili sentimita 1.5 za kila ncha zimezwe na mshono. Kitambaa kikionekana kirefu kuliko utepe, kitambaa ndicho kinachopaswa kutii.

Ncha ndizo zinazosahauliwa zaidi. Ncha ya mbele lazima iingie ndani ya mshono wa kifungio, na ya nyuma ipite chini ya matundu ya kamba, ili tundu la kiunoni lipenye na utepe pia. Utepe unaoishia katikati ya kipande huhamishia tu mpasuko mahali pengine. Mimi huupiga bandi (mshono wa muda) kwanza kwenye akiba ya kila mshono, ule ukingo wa ziada wa ndani, nikiangalia usipande wala kushuka, kisha ndipo nashona njia za mbavu, na mishono hiyo huukamata utepe kila inapoukatiza. Ubavu ukikwama kwenye ukingo wa utepe wakati wa kuuingiza, usiusukume kwa hasira: urudishe nyuma kidogo, uugeuze, utapita.

Koseti ya binti yule ilikuwa imekwisha kushonwa na shughuli ilikuwa kesho yake, hivyo sikuifumua yote. Nilirudia ule mshono wa pembeni, nikaulaza utepe ndani juu ya bitana, nikaushikiza kwa mkono kwenye kila mshono wa wima, sindano ikishika akiba ya mshono bila kutokea nje, kisha nikafumua kidogo mbele na nyuma kuzimeza zile ncha. Tulipoikaza tena, mama mdogo alivuta hadi akachoka yeye. Nilipima: 66.