Kidole Gumba cha Shangazi

Tulitoka Itsandra, kisiwani Ngazija huko Komoro, asubuhi kwa teksi ya kuchangia, Shangazi amejifukiza udi na kujitanda leso mpya, bahasha ya makaratasi kaikumbatia kifuani. Ilikuwa Aprili 2009. Binti yake alikuwa mja mzito wa miezi saba huko Mayotte, Maore kama wanavyoiita wenyewe, na mama mtu alitaka awepo siku ya kujifungua. Kulikuwa na makaratasi ya kushughulikia kwanza katika ofisi moja ya mjini Moroni. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Unguja, nikamfuata ili nimbebee mkoba.

Ndani ya teksi watu walizungumza jambo moja tu. Tarehe 29 Machi watu wa Maore walikuwa wamepiga kura, na zaidi ya asilimia 95 wametaka kisiwa chao kiwe mkoa kamili wa Ufaransa. Mzee aliyekaa mbele alikuwa akitikisa kichwa njia nzima. Maore ndicho kisiwa ambacho Wafaransa walikinunua mwaka 1841, miaka mingi kabla ya kuvishika vile vitatu vingine. Desemba 1974 Wakomoro walipoulizwa kama wanataka uhuru, Ngazija, Nzwani na Mwali walisema ndiyo karibu kwa kauli moja, Maore wengi wakakataa, na Ufaransa ikaamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa. Uhuru ukatangazwa tarehe 6 Julai 1975, Maore ikabaki kwao. Tangu 1995 mtu wa visiwa hivi vitatu haendi kule bila viza. Anayenyimwa huenda Nzwani, akapanda usiku kwasa, mashua ndogo ya injini, kuvuka kilomita 70 hivi za bahari. Wangapi wamezama humo, Mungu ndiye ajuaye. Shangazi alikuwa amemwambia binti yake kwenye simu: kwasa sipandi, nitakuja kwa mlango.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, "Kwezi," Shangazi akaitikia, "Mbona." Ndiyo shikamoo yao hiyo, neno marahaba kule ni ahsante, na lilinichanganya siku zote nilizokaa. Wakaongea Kingazija, Kikomoro cha kisiwa kile, nami nikifuata nusu yake. Halafu kijana akasukuma fomu juu ya meza, na Kingazija kikaishia hapo.

Katiba ya Komoro inataja lugha tatu rasmi: Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Fomu ile ilikuwa na Kifaransa peke yake, mbele na nyuma. Shangazi akanigeukia, kwani mimi ndiye msomi wa familia, nimemaliza chuo. Nilikuwa na Kiswahili na Kiingereza, na kwa karatasi ile havikunifaa kitu. Tukatoka nje, tukampata mtoto wa shule, umri wake hauzidi miaka kumi na mitatu, akatujazia akiwa amepiga magoti, fomu kailaza juu ya daftari lake. Alimuuliza Shangazi kwa Kingazija na akaandika kwa Kifaransa, mwandiko wa duara, mzuri sana.

Ikabaki saini. Tuliporudi dirishani Shangazi alichukua kalamu mwenyewe, akaandika jina lake na la baba yake kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, bila mkono kutetemeka. Karani aliitazama saini ile na midomo yake ikacheza. Alikuwa akisoma. Alilisoma jina lote, mpaka la babu yangu, maana naye alipita shioni, chuo cha Kurani, kama kila mtoto wa Ngazija. Kisha akatikisa kichwa.

"Herufi za kizungu, koko," akasema, yaani bibi.

Shangazi alisema herufi za kizungu hana. Kijana akatoa fomu nyingine, mtoto akainakili upya, pedi ya wino ikaja. Karani alimshika Shangazi kidole gumba kwa upole, akakibingirisha juu ya karatasi kama unavyomfanyia mtoto mchanga, na pembeni akaandika maneno machache. Tulipotoka nikamuuliza yule mtoto yalikuwa maneno gani.

"Ameandika kwamba hajui kutia saini."

Sikuwahi kumwona Shangazi akinyamaza namna ile. Mwanamke huyu alihitimu Kurani akiwa binti mdogo Unguja, akapelekwa Ngazija kuolewa, na kwa miaka mingi aliandikiana na baba yake kwa Kiswahili cha herufi zile zile. Masultani wa visiwa hivi waliandikiana na Unguja hivyo hivyo, Wafaransa hawajafika Ngazija. Katika nchi yake iliyo huru, kwa mkono wa kijana aliyemsoma sawasawa, akawa si msomi.

Njiani nilitaja jina la Ali Soilih, rais aliyetaka watu waandike Kikomoro na aliyepinduliwa Mei 1978 na mamluki wa Kifaransa Bob Denard. Nilidhani nitampendeza. Akanikata kauli: "Vijana wake waliwatukana wazee na kuchoma majalada ya serikali. Lugha yangu haihitaji moto, mwanangu." Basi nikanyamaza. Bado naamini Soilih alikuwa na haki katika hilo moja la lugha, ila mimi sikuishi chini yake.

Usiku, baada ya isha, Shangazi alivuta kasha kutoka uvunguni, akafungua kitambaa chenye harufu ya mlangilangi. Zilikuwa barua za babu. Akanipa ya juu.

"Nisomee, macho yangu yamechoka."

Niliishika karibu na taa. Herufi nazijua mojamoja, lakini Kiswahili kilichoandikwa hivyo, bila irabu, kwa mwandiko wa haraka, sikukiweza. Skuli yetu ilifundisha herufi za Mwingereza. Nilijaribu mstari wa kwanza, nikapata salamu na jina la Mungu, nikakwama.

Aliichukua bila kusema neno, akaisogeza karibu na taa, akaanza kunisomea. Babu aliulizia mvua, akasema karafuu mwaka ule hazikuzaa, akatuma vitambaa viwili kwa mtu aliyesafiri na jahazi. Kidole chake gumba, bado cheusi kwa wino wa ofisini, kilikuwa kinafuata mistari kutoka kulia. Mimi nikafungua daftari langu.

"Unaandika?" akauliza.

"Naandika, Shangazi."

"Basi nitasoma taratibu."